Mjomba, kati ya hizi pikipiki tatu ninunue ipi ya kupandia Kitulo?

SWALI

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tukuyu, mwanamke, nina miaka 32. Kwenda kazini natumia TVS ya cc 125, na tope la Rungwe nimelizoea. Mwaka jana likizo ya Juni nilipakiwa nyuma na rafiki yangu kutoka Chimala mpaka Matamba, ile barabara ya kona hamsini na saba, halafu tukavuka Kitulo na kurudi kwa Isyonje. Baridi ilinitoa machozi, mgongo ukaniuma wiki nzima, na tangu hapo sina wazo lingine kichwani. Nataka pikipiki yangu mwenyewe ya porini. Siyo ya kazi wala ya kubeba mtu. Ni ya Jumamosi na likizo tu: njia za mashamba ya viazi kule Isongole, kupanda Kitulo, kushuka Matamba, na Mungu akijalia siku moja Makete mpaka Njombe.

Nina milioni 4 na laki 6, fedha za kikoba. Mkopo sitaki. Mpya sitaiweza, kwa hiyo natafuta iliyotumika, na mpaka sasa nimeletewa tatu.

Ya kwanza ni Yamaha YZ250F iko Tunduma, ilitokea Zambia. Anataka milioni 3 na nusu. Haina taa, haina namba, haina kadi. Muuzaji anasema imetembea kidogo sana na "karatasi zinatengenezwa". Shemeji yangu, mume wa dada, ambaye ndiye anayejua pikipiki kwenye ukoo wetu, anasema hii ndiyo pikipiki halisi ya porini na nyingine zote ni za mabwana shamba.

Ya pili ni Honda XR250 iko Uyole, iliagizwa Japani, kadi iko kwa jina la muuzaji. Milioni 4 na laki 3. Ni nzuri kwa macho, ila nilipoikalia vidole vya miguu tu ndivyo vilivyogusa chini. Ilipowashwa ilitoa moshi wa bluu kidogo kisha ukaisha. Muuzaji anasema ni kwa sababu imekaa muda mrefu.

Ya tatu ni Yamaha DT125, tustroki (injini ya mipigo miwili), ya mzee mmoja mstaafu wa mifugo hapahapa Rungwe. Ilikuwa ya mradi, yenye namba za DFP, yeye akaipata kwenye mnada mradi ulipoisha. Anataka milioni 2 na laki 7. Kadi bado ni ya mradi lakini anayo risiti ya mnada. Inawaka kwa kiki moja, ila imechakaa rangi na sili za mbele zinavuja.

Urefu wangu ni sentimita 158, uzito kilo 61. Mjomba, nichukue ipi? Na nikienda kukagua niangalie nini? Mafundi niliowafuata wananisikiliza dakika moja kisha wanamgeukia shemeji na kuongea naye kana kwamba mimi ni mzigo aliokuja nao. Wengine wananiambia tustroki ni za kizamani na hufa haraka. Na mama yangu anasema mwanamke wa heshima hapandi milima kwa pikipiki, lakini hilo nakuachia uamue kama utalijibu.

Mwalimu, Tukuyu


JIBU

Marahaba mpwa wangu, na ndaga fijo kwa barua iliyonyooka. Wengi wananiandikia "Mjomba nataka pikipiki nzuri" na kuishia hapo. Wewe umenipa urefu, uzito, fedha na njia utakazopita. Hayo manne ndiyo yanayochagua pikipiki. Jina lililoandikwa kwenye tenki linakuja nyuma yake.

Chukua DT125 ya mzee wa mifugo, kwa masharti mawili nitakayoyaeleza: karatasi zikae sawa, na injini ifaulu ukaguzi. Lakini naona shemeji hataridhika na jibu fupi, kwa hiyo twende moja moja, tuanze na ile anayoipenda.

YZ250F ni pikipiki ya mashindano ya motokrosi. Shemeji hajadanganya kwamba ni ya porini, ila pori lake ni uwanja wenye vilima vya kuruka, mekanika pembeni na gari la kuirudisha nyumbani jioni. Kitabu chake cha matengenezo hakihesabu kilomita, kinahesabu saa za injini, na pistoni ni kitu cha kubadilisha kwa ratiba kama unavyobadilisha viatu vya breki vya TVS yako. Inabeba oili kama lita moja tu, nayo inachoka haraka. Gia yake ya kwanza ni ndefu, maana imepangwa kwa mwendo wa kasi. Ukiwa unatambaa kwenye mawe ya Matamba utashika klachi muda wote na maji ya rejeta yatachemka. Kiti kiko karibu sentimita 96 kutoka chini. Wewe una 158. Na huyo anayesema "imetembea kidogo" ameijuaje, wakati pikipiki hizo hazitoki kiwandani na mita ya kilomita?

Hata ingekukaa vizuri, bado ningekukataza kwa sababu ya mpaka. Pikipiki iliyovuka Tunduma bila kulipiwa ni mali ya magendo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu ikamatwe na kutaifishwa, na aliyekutwa nayo anaweza kushitakiwa hata kama siye aliyeivusha. "Karatasi zinatengenezwa" ni maneno ambayo mtumishi wa umma hapaswi kuyasikia mara mbili. Hiyo tuifunge.

XR250 ni habari nyingine, na sitaisema vibaya kwa sababu naipenda. Injini yake inapozwa kwa hewa, haina rejeta ya kutobolewa na jiwe, ina taa, inaenda lami na inaenda matopeni. Kama ungekuwa na urefu wa sentimita 175 na milioni 6, barua hii ingekuwa fupi. Lakini kiti chake kiko juu ya sentimita 87, na kilichokutokea Uyole, vidole tu kugusa, kilikutokea kwenye sakafu tambarare. Fikiria umesimama kwenye njia ya viazi inayolalia upande mmoja, mguu wa upande wa bondeni unatafuta ardhi na haupo. Hapo unaanguka kwa mwendo wa sifuri, na anguko la namna hiyo ndilo linalovunja vifundo vya mikono ya watu, si mbio. Kisha unainua zaidi ya kilo 120 peke yako kwenye utelezi. Fundi wa viti anaweza kupunguza sponji sentimita tatu au nne, ni kweli, ila fedha ya kumlipa itatoka wapi? Ukishalipa milioni 4 na laki 3 unabaki na laki tatu.

Na kuna ule moshi. Pikipiki ya mipigo minne haina ruhusa ya kutoa moshi wa bluu. Ukitoka kidogo wakati wa kuwasha kisha ukaisha, mara nyingi ni sili za vavu zimekauka na oili inadondokea ndani ikiwa imepumzika. Ukiendelea kutoka unapopanda mlima, ni ringi au silinda. Muuzaji anasema imekaa muda mrefu. Inawezekana, lakini kukaa hakuondoi gharama, na spea za XR250 mara nyingi utaziagiza Dar. Angalia pia leseni yako. Kama uliikata kwa ajili ya TVS huenda ni daraja A1, la pikipiki zisizovuka cc 125. Ya cc 250 inataka daraja A, na bima haipendi kulipa mtu aliyekuwa anaendesha nje ya daraja lake.

Sasa DT. Shemeji anaziita pikipiki za mabwana shamba kama tusi. Kwangu mimi hiyo ni sifa. Kwa miaka mingi DT, XL za Honda, TF za Suzuki na AG za Yamaha ndizo zilizowapeleka maofisa ugani, wauguzi na watu wa miradi vijijini Makete, Ludewa na Kilolo, kwenye barabara ambazo Land Cruiser zilikuwa zinalala njiani. Ndiyo maana mafundi wa rika langu wanazijua kwa giza, na spea, za kiwandani na za kuiga, bado zinapatikana kwa kuulizia. Ni nyepesi, kiti kiko chini zaidi ya XR, na tairi ya mbele ni ya inchi 21, ambayo inapanda juu ya jiwe badala ya kugota kama ile ndogo ya TVS.

Wanaokuambia tustroki hufa haraka wamesema nusu ya habari. Hufa haraka kwa mtu asiyejua oili yake inatoka wapi. Injini ya namna hii haina oili iliyokaa chini ikizunguka; oili inaingia na petroli, inalainisha, inaungua, inatoka kama moshi. DT ina kitenki chake cha oili na pampu ndogo inayovuta kulingana na unavyofungua mafuta. Kitenki kikikauka, au bomba likiingia hewa, au kebo ya pampu ikikatika, injini itaendelea kulia vizuri kwa muda mfupi kisha pistoni inashika ghafla na tairi ya nyuma inafunga. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mzee, kabla hata ya bei: pampu bado inafanya kazi, au uliitoa? Wengi waliitoa wakachanganya oili kwenye petroli wenyewe. Siyo kosa kuitoa, ila lazima ujue. Kama imetolewa, kwa mchanganyiko wa moja kwa arobaini, lita tano za petroli zinapata mililita 125 za oili ya tustroki. Nunua chupa yenye alama za vipimo na usikubali muuza mafuta akukadirie kwa kifuniko.

Ngoja pia nikueleze jambo la hewa, kwa sababu nyanda zetu hizi zina tabia ambayo fundi wa Dar hatakuambia. Tukuyu uko mita 1,600 hivi juu ya bahari. Kitulo uko 2,600 na zaidi. Kule juu hewa inayoingia kwenye injini ni takriban robo tatu ya ile ya pwani, na injini ya kabureta inapoteza karibu robo ya nguvu zake. Ndiyo maana mwanamume wa kilo 95 ningemwambia cc 125 itamlilia Kitulo, atafute 200. Wewe una kilo 61. Utapanda, utatumia gia ya pili mahali ambapo mwenzako anatumia ya tatu, basi. Jambo la pili ni kwamba kabureta haijui kwamba hewa imepungua. Inaendelea kutoa petroli ileile, mchanganyiko unakuwa mzito, injini inakohoa, plagi inatoka nyeusi na imelowa. Dawa ni jeti kuu (kile kitobo cha kabureta kinachopima petroli) iliyo ndogo kwa hatua moja au mbili, spea ya bei ndogo, na kazi ya muda mfupi kwa fundi anayeijua. Plagi ikitoka na rangi ya kahawia umepatia.

Lakini sikia vizuri hapa. Jeti uliyoipunguza kwa ajili ya Kitulo, usishuke nayo Kyela. Kyela uko kando ya Ziwa Nyasa, chini ya mita 600, hewa ni nzito. Petroli itakuwa haba, na kwenye tustroki unayoichanganyia oili kwenye petroli, petroli ikipungua oili pia inapungua. Utaunguza pistoni ukiwa unafurahia jinsi pikipiki ilivyochangamka. Weka jeti zote mbili kwenye mfuko wa vifaa, na kama huna uhakika, endesha na ile kubwa. Mchanganyiko mzito unachafua plagi, mwepesi unatoboa pistoni.

Twende kwenye ukaguzi. Mpigie mzee mwambie unakuja asubuhi na usingependa aiwashe kabla. Ukifika, weka kiganja kwenye silinda. Ikiwa ya moto, kuna jambo la kuwasha asubuhi analolificha. Kunywa chai yake mpaka ipoe. Kisha piga kiki wewe mwenyewe. Shemeji asipige. DT inategemea kiki, na wewe ndiye utakayezimikiwa kwenye mteremko. Kabla ya kuwasha, sukuma kiki polepole kwa mkono: inapaswa kukataa, kukuinua kidogo. Ikishuka laini kama pampu ya baiskeli iliyotoboka, kompresheni imeisha na utahesabu pistoni, ringi, pengine kukata silinda.

Ikiwaka, moshi mweupe wa bluu mwanzoni usikutishe, hiyo ni tustroki. Ikishapata moto upungue. Ukiendelea kuwa mzito kama wa tanuri la matofali, muulize fundi akague kiwango cha oili ya gia boksi. Kuna sili ya krenki upande wa klachi. Ikikatika, injini inavuta oili ya gia na kuiunguza, na gia boksi inakauka taratibu bila tone kuonekana chini. Sili ya upande wa pili ikikatika inavuta hewa, na dalili yake ni injini kubaki juu ikipiga kelele hata baada ya kufunga mafuta. Yote mawili yanatengenezeka, lakini yanashusha bei, na bei inashushwa kabla ya kulipa.

Toa kiti ufungue chombo cha kuchujia hewa. Sponji iwe na unyevu wa oili. Halafu pitisha kidole chako ndani ya bomba linaloelekea kabureta, nyuma ya chujio. Kidole kikitoka na vumbi jekundu, vumbi hilohilo limekuwa likisugua silinda, na mradi wowote uliofanya kazi Usangu kiangazi unalijua vumbi ninalolisema. Hicho ni kipimo kidogo kuliko vyote na mimi ndicho ninachokiamini kuliko mita ya kilomita, ambayo kebo yake ilikatika wakati wa mkurugenzi wa kwanza wa mradi.

Pikipiki za miradi zilibeba. Zilibeba chanjo, mbegu, bwana shamba na mke wa bwana shamba. Kwa hiyo angalia fremu pale inapokutana na shingo ya usukani na pale vikanyagio vilipochomelewa: nyufa nyembamba kwenye rangi, au weldi mpya. Wewe umeandika imechakaa rangi kama ni kasoro. Afadhali rangi ya zamani inayoonyesha kila kitu kuliko rangi ya juzi. Inua tairi ya mbele, zungusha usukani polepole kushoto na kulia. Ukihisi inanasa katikati, beringi za shingo zimekula. Shika tairi ya nyuma uitikise upande kwa upande. Ikicheza, ni beringi za tairi au bushi za mkono wa nyuma. Gonga njiti za rimu kwa spana ndogo moja baada ya nyingine, zinalia. Inayotoa sauti ya bati imelegea. Vuta cheni nyuma ya sproketi, ikiachana na meno mpaka ukaona mwanga, cheni na sproketi vinabadilishwa vyote kwa pamoja. Sili za mbele zinazovuja ni kazi ndogo, ila futa mafuta kwenye nguzo za foku uangalie kama kuna vishimo vya kutu. Vishimo vitakata sili mpya ndani ya mwezi.

Halafu ipande. Nenda nayo kwenye mlima wowote wa hapo Tukuyu, hamkosi, weka gia ya nne ukiwa mwendo mdogo, fungua mafuta. Injini ikipandisha sauti bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza. Breki za viatu kwenye DT ya zamani hazitakushangaza kwa ukali. Mradi zishike bila kuvuta upande.

Kuhusu mafundi wanaomgeukia shemeji, fanya hivi. Tafuta fundi wewe mwenyewe, mlipe wewe mwenyewe, mlipe kabla ya kukagua, na mwambie mbele ya wote kwamba fedha yake imeshaingia hata kama hutanunua. Fundi anayesubiri "chochote" kutoka kwa muuzaji au dalali baada ya biashara kukamilika hawezi kuona ufa. Ukishamlipa, utashangaa jinsi atakavyokuangalia usoni. Shemeji mwache aje kama anapenda, abebe chai.

Karatasi ndiyo sharti langu la pili, na hapa usiwe na haraka. Namba za DFP ni za miradi ya wafadhili, na vyombo vya miradi hiyo kwa kawaida huingia nchini kwa msamaha wa kodi. Msamaha ni wa mradi, si wa pikipiki. Ikienda kwa mtu binafsi kodi inaweza kudaiwa, na risiti ya mnada peke yake haikuambii kama ililipwa. Nenda ofisi ya TRA pamoja na mzee, mkiwa na kadi, risiti na barua ya mnada, muulize mambo mawili: kuna kodi inayodaiwa, na kuna kizuizi gani cha kubadilisha umiliki na kupata namba za MC? Kabla ya hapo, linganisha namba ya chesisi kwenye shingo ya fremu na ile ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, na namba ya injini vilevile. Injini za miradi zilibadilishwabadilishwa kati ya pikipiki na pikipiki pale stoo, na hakuna aliyeandika. Mkiambiwa kuna kodi, itoke kwenye ile milioni 2 na laki 7, isiwe juu yake. Mzee wa watu huenda hakujua. Muongee naye kwa adabu, ila fedha ishikilie mpaka kadi isome jina lako, au muandikishane kwa wakili ulipe nusu kwanza.

Ikienda vizuri unabaki na kama milioni 1 na laki 9, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuchagua DT. Anza na tairi za meno makubwa mbele na nyuma, kwa sababu tope jekundu la Rungwe la Machi na Aprili halijali una injini gani. Fundi wa bodaboda atakujazia upepo mpaka tairi igongwe kama ngoma. Ukiingia njia za matope shusha mpaka psi 15 hadi 18, kwenye mawe ongeza kidogo ili tyubu isibanwe na rimu, ukirudi lami jaza tena. Kisha sili za foku, cheni na sproketi, kebo zote, plagi mbili za akiba. Kisha mwili wako: kofia ngumu inayofunika kidevu, glavu, na buti za ngozi zinazofunika vifundo vya miguu. Gambuti zinazuia maji tu. Nguo za baridi usizidharau, maana Juni na Julai Kitulo kuna asubuhi zenye barafu kwenye nyasi, na vidole vilivyokufa ganzi havishiki klachi.

Kuhusu njia, mashamba ya viazi omba ruhusa, watu wa Isongole ni waungwana ukiwasalimia kwanza. Kitulo ni Hifadhi ya Taifa tangu 2005. Pita kwenye barabara inayoruhusiwa, na usitoke hata mita kumi kuingia nyasini, hasa kuanzia Desemba mpaka Aprili maua yanapochanua. Msitu wa Mlima Rungwe nao ni hifadhi, anaishi humo kipunji, nyani ambaye wanasayansi walimtambua miaka ya 2000 tu ingawa wazee wa huko walikuwa wanamjua siku zote. Usimpelekee sailensa iliyotobolewa. Na usiende peke yako: kuna mabonde kati ya Matamba na Makete ambako simu inageuka kuwa tochi.

Mama yako sitabishana naye, ana haki ya kuogopa. Mpe ratiba ya unakokwenda na saa ya kurudi, kisha rudi saa hiyo.

Kama DT ikifeli ukaguzi, au TRA wakasema jambo gumu, usikimbilie Uyole kwa hasira. Ulizia Yamaha AG200 au Honda XR150L zinazotoka kwenye miradi. AG ni nzito kidogo na haina haraka, lakini ni ya mipigo minne, kiti chake ni cha chini, cheni imefungiwa ndani ya boksi tope lisiifikie, na ina selfu pamoja na kiki. XR150L ni changa zaidi, na ukiipata ndani ya fedha yako ichukue hata kwa kuiacha DT. Subiri Januari. Mwezi wa ada watu wengi wanakumbuka kwamba hawahitaji pikipiki ya pili.